Namna ya Kusoma Historia ya Misafara ya Barafuni na Vilele Virefu: Mwongozo kwa Vikundi vya Kusoma vya Malindi

Tarehe 7 Januari 1499, meli za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya mji wa Malindi zikiwa na mabaharia ambao fizi zao zilikuwa zimevimba hadi kufunika meno, wakashindwa kula, na ambao miguu yao ilikuwa imefura. Walipokwenda Bara Hindi mwaka uliotangulia walikuwa wamepata hapa Malindi rubani aliyezijua pepo, wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, pepo za kusi zilipokuwa zinaanza kushika, na wakafika Calicut tarehe 20 Mei. Kurudi walirudi kabla ya kaskazi kutulia, wakasota baharini kwa muda wa miezi mitatu, na watu wapatao 30 wakafa njiani. Kumbukumbu iliyoandikwa na mmoja wa wasafiri wale inaeleza kwamba waliobaki na nguvu za kufanya kazi walikuwa saba au wanane tu katika kila meli, na kwamba walimtuma mtu pwani awatafutie wagonjwa machungwa.

Ugonjwa ule ni kiseyeye, na ndio uliowafuata wasafiri hadi kwenye barafu ya Antaktika miaka 400 baadaye. Kwa hiyo mtu wa Malindi anayefungua kitabu cha historia ya ncha za dunia na milima mirefu haingii katika habari zisizomhusu. Anaingia katika habari za upepo, akiba ya chakula, mzigo na maamuzi ya nahodha, ambazo pwani hii imezijua kwa karne nyingi. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwalimu au kiongozi wa kikundi cha kusoma anayetaka kuendesha vikao vya historia hiyo bila kuwachosha wasomaji kwa orodha ya majina na tarehe. Msimamo wangu, ambao nimeufikia kwa kusoma na wenzangu mjini hapa, ni kwamba msafara husomwa kwanza katika bohari yake na katika mikono iliyobeba mizigo yake, na bendera iliyosimikwa mwisho wa safari huja baadaye sana.

Kabla ya kikao cha kwanza

Chagueni msafara mmoja kwa kila kikao. Vikundi vingi hujaribu kuanzia kwa John Franklin mwaka 1845 na kumalizia kwa wapandaji wa Everest wa siku hizi katika jioni moja, na matokeo yake ni kwamba hakuna anayekumbuka kitu asubuhi inayofuata. Tafuteni tufe badala ya ramani bapa ya ukutani, kwa sababu ramani bapa huinyoosha Antaktika ikawa ukanda mrefu chini ya dunia, na msomaji hawezi kuona kwamba ni bara lenye umbo la karibu duara ambalo ncha yake iko katikati. Leteni mizani ya sokoni, kamba ndefu, vijiti na vitambaa vyeusi, pamoja na daftari kubwa ambalo kila mtu ataweza kulisoma likiwekwa katikati ya mkeka.

Katika daftari hilo pigeni mistari ya safu sita: siku na mahali, chakula kilicholiwa, mafuta ya moto yaliyosalia, mzigo pamoja na jina la aliyeubeba, uamuzi uliofanywa siku hiyo, na mwisho kabisa jina la mtu anayetupa habari hiyo. Safu ya mwisho ndiyo ambayo wasomaji huisahau, na nitaieleza kwa urefu hapo mbele.

Jambo moja la hesabu lisiachwe. Vitabu vya misafara hii huchanganya maili za baharini na maili za nchi kavu, na mara nyingine mwandishi hasemi anatumia zipi. Maili ya baharini ni kilomita 1.852, nayo ni sawa na dakika moja ya latitudo, jambo ambalo mwanachama yeyote aliyewahi kusafiri na chati atalieleza vizuri kuliko kitabu. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609. Geuzeni kila umbali uwe kilomita kabla ya kuuandika, la sivyo mtabishana jioni nzima juu ya tofauti ambayo haipo. Kumbukeni pia kwamba Desemba na Januari ndiyo majira ya joto kule kusini, na ndiyo sababu karibu safari zote za kuelekea Ncha ya Kusini zilianza Oktoba au Novemba.

Anzeni na chakula

Kikao cha chakula ndicho kinachowavuta watu wengi, nami nashauri kiwe cha kwanza. Chukueni posho ya siku moja ya mtu mmoja katika kikosi cha Robert Falcon Scott alipokuwa akipanda kuelekea Ncha ya Kusini mwaka 1911, muipime kwenye mizani na kuiweka juu ya mkeka: gramu 454 za biskuti ngumu, gramu 340 za pemikani, yaani nyama iliyokaushwa na kusagwa kisha kuchanganywa na mafuta ya mnyama, gramu 57 za siagi, gramu 85 za sukari, gramu 16 za kakao na gramu 24 za majani ya chai. Pemikani haipatikani sokoni kwetu, lakini nyama ya ng'ombe iliyokaushwa na kutwangwa, ikachanganywa na samli, inatosha kuonyesha kiasi chake na jinsi inavyoonekana. Jumla ni gramu 976, chini kidogo ya kilo moja.

Waulizeni wanachama kama chakula hicho kinatosha. Wengi watasema kinatosha na kubaki, kwa maana hiyo ni biskuti nyingi na mafuta mengi kuliko tunavyokula kwa siku. Ndipo mtakapowaeleza kwamba posho hiyo ilikuwa na kalori zipatazo 4,500, wakati mtu anayevuta sleji nzito, yaani chombo cha mizigo kinachoteleza juu ya theluji, kwa miguu katika baridi kali kwa saa nyingi hutumia zaidi ya kalori 6,000 kwa siku. Acheni wanachama wenyewe wafanye hesabu ya kutoa, kisha wazidishe upungufu huo kwa wiki na miezi. Mtu atakayefanya hesabu hiyo kwa mkono wake ataelewa kwa nini Edgar Evans, aliyekuwa mwenye mwili mkubwa kuliko wote na aliyepewa posho sawa na wenzake, ndiye aliyeanguka na kufa wa kwanza, tarehe 17 Februari 1912.

Kisha angalieni mkeka tena na kuuliza ni kitu gani kinakosekana. Hakuna tunda, hakuna mboga, hakuna nyama mbichi wala samaki. Hapo ndipo mtaingia katika historia ya kiseyeye, ambayo inastahili nusu ya kikao. James Lind, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, aliwajaribia mabaharia wagonjwa dawa mbalimbali mwaka 1747, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Jeshi hilo lilianza kugawa maji ya limau kwa utaratibu mwaka 1795, na ugonjwa ukapungua sana. Baadaye, katika karne ya 19, limau hilo lilibadilishwa na kuwekwa ndimu yenye nguvu kidogo ya kinga, na kwa kuwa safari zilikuwa zimefupishwa na meli za mvuke hakuna aliyegundua hasara hiyo, hadi msafara wa George Nares ulipokwenda Aktiki mwaka 1875 na watu wake wakashikwa na kiseyeye vibaya. Maarifa yaliyokwisha kupatikana yalipotea mikononi mwa watu waliodhani bado wanayo. Vitamini C yenyewe ilikuja kutambuliwa miaka ya 1930 ilipokuwa inaanza.

Wakati huohuo Wainuiti wa kaskazini, ambao nchi yao haioti mchungwa wala mchicha, hawakuugua, kwa sababu walikula nyama mbichi au iliyopikwa kidogo pamoja na ngozi ya nyangumi. Aliyelichukua somo hilo hadi kusini alikuwa daktari wa Kimarekani, Frederick Cook, katika meli ya Belgica iliyonaswa na barafu ya Antaktika kuanzia Machi 1898 hadi Machi 1899. Cook aliwasihi mabaharia wale nyama ya pengwini na sili, nyama ambayo mkuu wa msafara mwenyewe aliichukia, na waliokubali wakapata nafuu. Miongoni mwa maofisa wa meli ile alikuwamo kijana wa Kinorwe, Roald Amundsen. Miaka 13 baadaye, kabla ya kwenda Nchani, Amundsen aliwalisha watu wake nyama ya sili majira yote ya baridi, na hakuna hata mmoja aliyeugua kiseyeye. Andikeni mnyororo huo daftarini, kutoka kwa Wainuiti hadi kwa Cook na kutoka kwa Cook hadi kwa Amundsen, kwa kuwa ushindi wa Ncha ya Kusini ulianza hapo.

Vituo vya akiba, na zoezi la ufukweni

Kikao cha pili kifanyieni ufukweni wakati wa maji kupwa, mchanga ukiwa mpana. Hakuna mtu aliyeweza kubeba mara moja chakula cha kwenda na kurudi Nchani. Ilibidi mzigo utangulizwe miezi kadhaa kabla na kufukiwa katika vituo njiani, ili msafara uviokote wakati wa kurudi. Suala lote la uhai lilikuwa hili: je, watu waliochoka, wenye macho yaliyoumizwa na mwangaza wa theluji, wataweza kukiona kituo katikati ya tambarare nyeupe isiyo na mti wala jiwe?

Simikeni kijiti kimoja chenye kitambaa mbali kwenye mchanga, kisha mwambieni mwanachama atembee kuelekea huko akiwa amejifunika kanga usoni ili aone hatua chache tu mbele yake. Mwenzake aende naye bega kwa bega ili asiingie majini. Karibu kila mtu atakipita kijiti bila kukiona. Sasa panga vijiti vingine kwa mstari mrefu unaoikata njia yake, kimoja kwa umbali sawa na kingine, upande wa kulia na wa kushoto wa kijiti cha kwanza. Safari hii atakapofika atakutana na mojawapo, na kama vijiti vimetiwa alama ya kuonyesha upande kilipo kile cha kati, atageuka na kukifikia. Hivyo ndivyo alivyofanya Amundsen mwaka 1911 katika vituo vyake vya latitudo 80, 81 na 82, ambavyo alivijaza zaidi ya tani tatu za akiba: alipanga bendera kuelekea mashariki na magharibi kwa kilomita kadhaa kila upande, zikiwa na alama. Aliondoka Oktoba 1911 na watu wanne na mbwa 52, akafika Nchani tarehe 14 Desemba, akarudi kambini tarehe 25 Januari 1912 akiwa na watu wake wote na mbwa 11. Mbwa wengi waliuawa njiani wakawa chakula cha wenzao na cha watu, kama ilivyopangwa tangu mwanzo; jambo hilo lina ukatili wake na kikundi kisilipite haraka.

Scott naye alikusudia kuweka kituo chake kikubwa, kilichoitwa Kituo cha Tani Moja, kwenye latitudo 80. Mwezi wa Februari 1911 hali ya hewa ilikuwa mbaya na farasi wadogo walikuwa wanadhoofika, kwa hiyo akakifukia katika latitudo 79 na dakika 29, kilomita zipatazo 57 kabla ya mahali palipokusudiwa, ingawa Lawrence Oates, mmoja wa watu wake, alishauri wasonge mbele hata kama farasi watakufa. Scott na wenzake wanne walifika Nchani tarehe 17 Januari 1912 wakaikuta hema ya Amundsen. Wakati wa kurudi, hema lao la mwisho lilisimama kilomita zipatazo 20 kutoka Kituo cha Tani Moja, na hapo ndipo walipofia mwishoni mwa Machi. Wekeni namba hizo kwenye kamba ufukweni kwa kipimo mtakachochagua, sentimita moja kwa kila kilomita kwa mfano, na wanachama wataona kwa macho yao kwamba kama kituo kingewekwa kwenye latitudo 80, wangekwisha kukifikia na kukipita kabla ya kupiga hema lile.

Lakini msiruhusu kikundi kitosheke na sababu hiyo moja. Katika safu ya mafuta ya moto mtaona kwamba madebe ya mafuta ya taa yalikutwa yamepungukiwa vituoni ingawa yalikuwa yamefungwa, na barafuni asiye na mafuta hana maji ya kunywa, kwa kuwa kila tone hupatikana kwa kuyeyusha. Katika safu ya maamuzi mtaona kwamba posho, hema na jiko vilikuwa vimepangwa kwa vikosi vya watu wanne, na Scott, zikiwa zimebaki wiki mbili kufika, akaongeza mtu wa tano. Na katika safu ya mzigo mtaona kwamba hema lile lilipopatikana Novemba 1912 kulikuwa na kilo zipatazo 16 za mawe ya utafiti ambazo waliendelea kuzivuta hadi mwisho. Je, walikosea kutoyatupa? Mawe yale yalikuwa na visukuku vya mmea vilivyosaidia kuthibitisha kwamba Antaktika iliwahi kuungana na mabara mengine ya kusini. Swali hilo huleta mjadala mzuri kuliko yote, na kiongozi asijaribu kuufunga.

Hewa

Ukipita kwenye milima, bohari inaongezeka kitu kimoja, nacho ni hewa. Sisi wa Malindi tunaishi usawa wa bahari na hatuna njia ya kuonja upungufu wake hapa. Tena nawaonya viongozi wasijaribu mazoezi yoyote ya kuwabania watu pumzi. Ni bora kuchora mstari wima ukutani. Chini kabisa andikeni Malindi. Katika mita 4,985 andikeni Lenana, kilele cha Mlima Kenya ambacho watembea kwa miguu hukifikia, ambapo mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa kwetu. Katika mita 5,895 andikeni Uhuru, Kilimanjaro, ambapo ni karibu nusu. Katika mita 8,849 andikeni Everest, ambapo kila pumzi humpa mtu theluthi moja tu ya oksijeni anayoipata akiwa ufukweni.

Edward Norton alifika mita zipatazo 8,570 bila mtungi wa oksijeni tarehe 4 Juni 1924, akarudi. Siku nne baadaye George Mallory na Andrew Irvine, wakiwa na mitungi, walionekana juu kisha wakapotelea mawinguni. Tenzing Norgay na Edmund Hillary walifika kileleni tarehe 29 Mei 1953 kwa oksijeni, na Reinhold Messner na Peter Habeler wakafika bila oksijeni tarehe 8 Mei 1978, jambo ambalo wataalamu wengi walidhani halitawezekana. Mwenye kutaka kuupeleka mjadala nyumbani ataje kwamba Mkenya James Kagambi alisimama juu ya Everest mwezi wa Mei 2022.

Ikiwa wanachama wenyewe wanapanga kwenda Mlima Kenya, someni kikao hiki kwa makini zaidi, kwa sababu mtu anayetoka pwani jioni moja na kutaka kulala mita 4,000 kesho yake anajitafutia maradhi ya mwinuko. Njia iliyothibitika tangu misafara ya kwanza ni kupanda polepole, kulala chini ya mahali ulipofika mchana, na kushuka mara moja kichwa kinapouma sana, kutapika kunapoanza au mwenzako anapoyumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Kiongozi wa milimani anayekukatalia kuendelea msikilize.

Nani alibeba, nani anasimulia

Sasa ile safu ya sita. Chukueni kisa cha karibu nasi. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai, aliuona mlima wenye kilele cheupe. Aliyekuwa akiuongoza msafara wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyeijua njia ya bara, na Rebmann mwenyewe aliandika kwamba mwongozaji wake aliuita weupe ule baridi. Mwaka uliofuata, Desemba 1849, Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Habari hizo zilipofika London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alikana kabisa kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta, na ubishi haukuisha hadi Karl von der Decken alipopanda sehemu ya Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1860. Watu wa misafara ya pwani walikuwa wakipita chini ya mlima ule miaka yote hiyo. Hakuna mtu wa London aliyefikiria kuwauliza.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer alikuwa amejaribu kabla na kushindwa, na safari hii alifaulu kwa kuweka kambi zenye akiba katika miinuko mbalimbali, chakula kikipandishwa kutoka Marangu, ili akishindwa siku moja aweze kupumzika na kujaribu tena. Kambi ya juu, katika mita zipatazo 4,300, ilikuwa na mtu aliyepika, kuchota maji na kutafuta kuni katika mahali pasipoota mti. Jina lake ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mtu wa pwani kama sisi, aliyekaa usiku baada ya usiku kwenye baridi ile ili wengine wawili wapate chai ya moto wanaporudi. Andikeni jina lake kwa herufi kubwa sawa na la Meyer. Na katika msafara wa Halford Mackinder, aliyefika Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, Wazungu walikuwa sita tu. Pamoja nao walikwenda Waswahili 66, Wakikuyu 96 na waongozaji wawili wa Kimaasai, na majina ya wengi wao hayamo katika masimulizi yanayosomwa.

Mkishapata jicho hilo, mtaona jambo lilelile kila mahali. Robert Peary alipodai kufika Ncha ya Kaskazini tarehe 6 Aprili 1909, alikuwa na Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyeongea lugha ya Wainuiti na kuendesha sleji kwa ustadi kuliko Peary, pamoja na Wainuiti wanne, Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Tarehe 7 Juni 1922, maporomoko ya theluji huko Everest yaliua watu saba, wote wapagazi. Mwaka 1954, Waitalia walipofika kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mpagazi Amir Mahdi wa Hunza na Walter Bonatti ndio waliopandisha mitungi ya oksijeni, wakalazimika kulala nje bila hema katika mita zipatazo 8,100, na Mahdi akapoteza vidole vyote vya miguu. Na Franklin, aliyepotea na watu 128 na meli mbili katika Aktiki? Wainuiti walimweleza John Rae mwaka 1854 jinsi watu wale walivyokufa kwa njaa, na Uingereza ikawaita waongo. Erebus, mojawapo ya meli zake mbili, ilipatikana mwaka 2014 katika eneo ambalo masimulizi ya Wainuiti yalikuwa yamelitaja.

Madai ya kufika Ncha ya Kaskazini yana ugumu wake: Cook, yule daktari wa Belgica, alidai kufika Aprili 1908, na Peary mwaka uliofuata, na hakuna dai lililothibitika kwa vipimo vinavyoridhisha. Msipoteze muda mwingi hapo. Mwambieni kila mwanachama aulize tu nani mwingine katika msafara alijua kupima jua na kuandika, na mtaona kwamba katika siku za mwisho za safari zote mbili hakuwapo.

Kama mna nafasi ya msafara mmoja tu

Chagueni Endurance, na mualike mabaharia na fundi wa majahazi. Meli hiyo ya Ernest Shackleton ilinaswa na barafu Januari 1915 na kuzama tarehe 21 Novemba mwaka huo, na watu 28 wakabaki juu ya barafu inayoelea na mashua tatu. Shackleton huyu ndiye aliyegeuka nyuma tarehe 9 Januari 1909 akiwa amebakiza kilomita 180 tu kufika Ncha ya Kusini, kwa sababu alihesabu chakula akaona kitawafikisha lakini hakitawarudisha. Someni uamuzi huo kwanza ndipo mtamwelewa. Mwezi wa Aprili 1916 walifika kisiwa cha Elephant, na kutoka hapo yeye na wenzake watano wakaondoka kwa mashua iliyoitwa James Caird, yenye urefu wa mita 6.9, kuvuka kilomita zipatazo 1,300 za bahari mbaya kuliko zote hadi South Georgia.

Fundi seremala, Harry McNish, aliinua mbavu za mashua kwa mbao za masanduku na za sleji, akaifunika kwa turubai, na akatia kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, kwa utambi wa taa, rangi ya mafuta na damu ya sili. Mwombeni fundi wenu aeleze kazi hiyo kipande kwa kipande: kwa nini utambi, damu ikikauka inashika vipi, na yeye angetumia nini kama asingekuwa na pamba wala sifa, yaani mafuta ya samaki. Kisha nahodha aeleze jinsi Frank Worsley alivyoweza kukipata kisiwa kidogo kwa kulipima jua mara nne tu katika siku 16, akiwa ameshikiliwa na wenzake ili asitupwe majini, na jedwali zake za hesabu zikiwa zimelowa. Kutoka ufukwe walipotua, watatu kati yao walivuka milima ya barafu ya South Georgia kwa saa 36 bila hema, wakiwa wamekaza skrubu kwenye viatu, hadi kituo cha wavuvi wa nyangumi. Watu 22 waliobaki kisiwani walichukuliwa wote wakiwa hai tarehe 30 Agosti 1916 na meli ya Chile, Yelcho, chini ya nahodha Luis Pardo. Tengeni saa nzima kwa ajili ya fundi na nahodha, na swali la kwanza liwe lao.